DOI si ghala la makala
Watafiti wengi huamini kwamba makala ikishapewa namba ya DOI (kitambulisho cha kidijitali cha makala) na kuwekwa mtandaoni, basi imehifadhiwa milele. Sivyo. DOI ni kielekezi tu: humpeleka msomaji mahali faili lilipo, na mchapishaji asiporekebisha anwani tovuti inapohamishwa, au akisitisha shughuli zake, msomaji huishia kwenye ukurasa mtupu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulibaini majarida 174 ya ufikiaji huria (yanayosomwa bila malipo) yaliyotoweka mtandaoni kati ya 2000 na 2019.

Nakala rudufu kwenye seva ya mchapishaji mwenyewe (ambayo ndiyo hutajwa kwa majivuno zaidi) nayo haitoshi, kwa kuwa hufa pamoja na mwenyewe. Uhifadhi wa kweli hutaka nakala kadhaa, katika taasisi tofauti, zinazokaguliwa mara kwa mara. Katika mfumo wa uhifadhi wa LOCKSS, ulioanzia Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1999, kompyuta za maktaba mbalimbali hupiga kura: kila moja hukokotoa alama ya faili lake (msimbo mfupi unaotokana na yaliyomo ndani ya faili), na ile ambayo alama yake inatofautiana na za wenzake, hata kwa sababu ya biti moja tu (chembe ndogo kabisa ya data) iliyogeuka ndani ya PDF, hurekebishwa kwa kutumia nakala zilizo nzima. CLOCKSS, hifadhi iliyojengwa juu ya teknolojia hiyo, huficha makala hadi zinapokosekana kwa mchapishaji, kisha huzifungua kwa wote.

Mwandishi anaweza kuangalia kwa ISSN (namba ya utambulisho ya jarida), katika Keepers Registry, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayohifadhiwa, ni hifadhi gani inayotunza jarida lake, na hata ni matoleo yapi, maana mara nyingi yanayotunzwa si yote.