Hedseti ya helikopta haichaguliwi kwa namba ya kwenye boksi

Rubani anayepimwa afya kwa ajili ya leseni ya kibiashara huketi kwenye chumba tulivu, akavalishwa vipokea sauti na kubonyeza kitufe kila anaposikia mlio. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), ambavyo ndivyo msingi wa kanuni za mamlaka za anga za Tanzania, Kenya na Uganda, vinataka usikivu wake usiwe umepungua kwa zaidi ya desibeli 35 kwenye milio ya hezi (mitetemo ya sauti kwa sekunde; hezi zikiongezeka mlio huwa mwembamba zaidi) 500, 1000 na 2000, wala zaidi ya desibeli 50 kwenye hezi 3000, kila sikio likipimwa peke yake. Kuhusu hezi 4000 viwango hivyo viko kimya. Bahati mbaya, kelele inapoanza kula sikio huanzia hapohapo, karibu na hezi 4000.

Ndiyo maana rubani anaweza kufaulu kipimo mwaka baada ya mwaka huku sikio linaharibika upande usioangaliwa. Seli zenye vinyweleo ndani ya sikio zikishakufa hazitibiki wala hazioti upya. Dalili ya kwanza si uziwi. Ni mlio wa “ngiii” jioni baada ya kuruka, na tabia ya kusikia kwamba mtu anaongea bila kushika anachosema, kwa kuwa herufi kama s, f, t na k ndizo zinazotangulia kupotea.

Ndani ya helikopta nyingi ndogo kelele huwa kati ya desibeli 90 na 105. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, inashauri mtu asizidishe desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, na kila zinapoongezeka 3 muda ukatwe nusu: desibeli 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa moja, 97 kwa nusu saa, 100 kwa robo saa. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 za kuzuia kelele kazini zinaweka ukomo wa desibeli 90 kwa saa 8. Sisi tunashauri ushike 85, kwa sababu kwenye 90 bado wapo wafanyakazi wengi wanaopoteza usikivu kabla ya kustaafu.

Kinga ya rubani ni hedseti, yaani vipokea sauti vyenye maikrofoni. Kabla ya kugusa hedseti yoyote, ijue kelele ya chombo chako. Helikopta ya Robinson R44 ina mapanga mawili juu yanayopiga hewa karibu mara 13 kwa sekunde. AS350 ina matatu, na mapigo yake ni karibu 20 kwa sekunde. Hayo unayahisi kifuani kuliko masikioni. Pangaboi la mkia huzunguka zaidi ya mara 2000 kwa dakika na kutoa mvumo wa hezi 70 hadi 80. Halafu kuna giaboksi juu ya dari, karibu kabisa na vichwa vya watu: meno ya gia yakisagana hutoa mluzi wa mamia mpaka maelfu ya hezi. Mlango ukivuliwa kwa ajili ya kupiga picha au kunyunyizia dawa, upepo nao unaingia. Ndege ndogo ya mabawa haina mluzi huo wa giaboksi. Tofauti hii peke yake inatosha kuifanya hedseti inayosifiwa na rubani wa Cessna isikufae wewe.

Sasa aina zenyewe. Hedseti ya kuziba inategemea plastiki nene ya kikombe, sponji ya ndani na mto unaobana kuzunguka sikio. Inazuia vizuri milio mikali, na inashindwa na mivumo mizito. Hedseti ya kufuta kelele, ile inayoandikwa ANR, ina maikrofoni ndogo ndani ya kikombe inayosikiliza kelele iliyopenya, kisha spika inatoa sauti iliyopinduliwa ili mbili hizo zifutane. Bose ndio waliotangulia kuiuza kwa marubani, mwaka 1989. Kufuta huko kunafanya kazi chini ya hezi 500 hivi. Ukivuka hezi 1000 hakuna msaada wa maana. Kwa hiyo mluzi wa giaboksi hauzuiwi na betri. Unazuiwa na kikombe na mto, basi. Hedseti ya ANR yenye vikombe vyembamba kwa ajili ya wepesi itakupa utulivu unaokushangaza, mvumo wote utoweke, na huku giaboksi inaendelea kukuumiza bila wewe kuhisi.

Hata hivyo ANR ina kazi kubwa ambayo wengi hawaijui. Mvumo mzito hufunika maneno: sikio likijaa sauti nzito, hata sauti za juu yake hazisikiki sawasawa. Ukiufuta mvumo, redio inasikika ikiwa chini. Hili ni muhimu kwa sababu ndani ya kikombe kuna vyanzo viwili vya kelele, ile iliyopenya na redio uliyoifungulia mwenyewe. Ili maneno yaeleweke inabidi yapite kelele kwa desibeli 10 hadi 15. Hedseti dhaifu inakulazimisha kupandisha redio, na mwisho wa siku redio ndiyo inayoharibu sikio kuliko helikopta. Muziki wa Bluetooth ukiongezwa hapo, hesabu inaharibika kabisa.

Tuje kwenye namba ya boksi. Hedseti za soko la Marekani zina alama ya NRR, za Ulaya zina SNR, zote zikieleza kwa desibeli kelele inayozuiwa; za Ulaya zina pia herufi H, M na L za milio mikali, ya kati na mizito. Namba hizi zinapimwa kwenye maabara, kwa watu waliovalishwa kwa uangalifu. Kwa matumizi halisi, OSHA, mamlaka ya Marekani ya usalama kazini, inashauri utoe 7 kwenye NRR kisha ugawe kwa 2. Tuseme kabini ina desibeli 97 na hedseti imeandikwa NRR 23: (23 − 7) ÷ 2 = 8. Sikioni zinafika 89, na kwa kipimo cha NIOSH hizo ni saa 3 na dakika chache tu kwa siku. Rubani wa watalii anayeruka saa 5 tayari amezidisha. Hesabu hii ni ya kiuoga kwa makusudi. Mwenye kichwa kinachokaa vizuri kwenye mto hupata zaidi. Ila hujui kama wewe ni mmoja wao mpaka upimwe. Kwenye boksi la Ulaya, mwenye helikopta aanze kutazama L, ambayo ni kinga dhidi ya milio mizito na ndiyo huwa ndogo kuliko zote. Na ukiona “mpaka desibeli 30” kwenye tangazo la ANR, jua wanasema kilele kwenye mlio mmoja waliouchagua. Alama ya NRR haipimi ufutaji wa kielektroniki hata kidogo.

Njia rahisi kuliko zote ya kuongeza kinga ni vizibo vya sponji chini ya hedseti. Haviongezi namba yao yote. Kadiria desibeli 5 juu ya ile kinga iliyo kubwa zaidi. Kwenye mfano wetu 89 zinashuka hadi 84, na siku nzima ya kazi inaingia ndani ya kipimo, kwa kitu kinachouzwa bei ndogo kuliko chai na andazi. Kiviringishe kwa vidole mpaka kiwe chembamba bila mikunjo, peleka mkono wa pili nyuma ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, kishikilie kwa sekunde 30 kikivimba. Kama sehemu kubwa inaning’inia nje, hakijaingia. Toa, anza upya. Vaa kabla ya kuwasha injini na mikono ikiwa safi, si angani huku mkono mmoja uko kwenye usukani.

Wengi wanaogopa kwamba vizibo vitaziba redio. Redio inapungua, ni kweli, lakini kelele nayo inapungua kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo ukipandisha sauti kidogo maneno yanatoka safi zaidi ya mwanzo. Anza sauti ikiwa chini kabisa, ipandishe mpaka umwelewe mwongoza ndege wa mnarani, ishia hapo. Wanaotaka zaidi watumie vizibo vyenye spika ndogo ndani yake, vinavyoitwa CEP, ambavyo marubani wa helikopta wa jeshi la Marekani huvaa chini ya kofia ngumu: redio inaingia moja kwa moja ndani ya kizibo na kelele inabaki nje ya vizuizi viwili.

Ukishajua aina unayotaka, angalia plagi kabla ya kulipa. Ndege ndogo nyingi zina matundu mawili, moja la kusikilizia na moja la maikrofoni. Helikopta nyingi zina tundu moja la plagi ya U-174/U yenye njia nne. Hedseti kama David Clark H10-13H imetengenezwa nayo, pamoja na waya wa kujikunja kama wa simu ya mezani ili usinase kwenye vidhibiti. Adapta inawezekana, lakini ni uzito unaoning’inia na sehemu nyingine ya kulegea. Hatari kubwa ni hedseti za mtumba za jeshi: plagi ni ileile, umeme wa ndani si uleule. Maikrofoni ya kijeshi ni ya ohmu 5 na haina kikuza sauti. Ichomeke kwenye paneli ya kiraia, mnara hawatakusikia. Umenunua mapambo. Kosa jingine dogo linalosumbua: swichi ya stirio ikiwa imewashwa kwenye paneli ya mono, redio inasikika sikio moja tu, na rubani anapandisha sauti kufidia.

Usinunue kwa kujaribu dukani. Dukani hakuna kelele. Azima, ruka nayo saa 2 kwenye helikopta yako mwenyewe, na ukiwa kwenye mwinuko salama zima ANR kwa dakika moja: kama mluzi uliobaki unakukera, vikombe ni vyembamba. Kama kazi yako hufanywa mlango ukiwa umevuliwa, ijaribu hivyo pia. Baadhi ya ANR huzidiwa na mapigo mazito ya mapanga, spika ikaanza kugonga au kukwaruza. Sikiliza pia kengele za chombo. Kengele ya mzunguko mdogo wa mapanga, ambayo kwenye R44 hulia mapanga yakishuka chini ya asilimia 97, lazima uisikie hedseti ikiwa kichwani, ANR ikiwa imewashwa na vizibo vikiwa ndani. Vipokea sauti vya muziki vilivyofungwa maikrofoni ya kubandika hatuvishauri kwenye helikopta kwa bei yoyote.

Maikrofoni nayo huchangia kelele. Imetengenezwa ifute sauti ya mbali, na hufanya hivyo ikiwa milimita 3 hadi 6 tu kutoka mdomoni, upande wa kuzungumzia ukiutazama mdomo. Ikikaa kidevuni inaokota kabini nzima na kuimimina masikioni mwa wote waliomo. Abiria watano wenye maikrofoni zilizo wazi ni madirisha matano. Rekebisha kizuizi cha intakomu, kile kinachozima maikrofoni mtu asipoongea, kabla ya kupaa, na mlango ukiwa wazi vika maikrofoni kifuniko cha sponji.

Kinachoharibu kinga nzuri mara nyingi ni uvujaji mdogo kwenye mto. Fremu nene za miwani zinafungua njia na kukunyang’anya desibeli kadhaa. Chagua mikono myembamba ya waya. Kofia ya kapelo, nywele nene zilizosukwa pembeni na mtandio chini ya mto hufanya vivyo hivyo. Kwa anayevaa mtandio, vizibo ndiyo kinga ya kutegemea. Mito yenyewe huchoka. Jasho na joto la Mombasa au Dar es Salaam hukausha ngozi yake, ikapasuka, sponji ikawa ngumu. Ibonyeze kwa kidole: isiporudi umbo upesi, badilisha. Kwa anayeruka kila siku hiyo ni kila miezi 6 hadi mwaka. Ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Petroli na spiriti zinaiua.

Na ivaliwe muda wote. Kinga ya desibeli 20 ikivuliwa kwa nusu saa tu kati ya saa 8 za kelele, thamani yake ya siku inaporomoka hadi karibu 11. Nusu saa hiyo hupatikana kirahisi: kupakia abiria mapanga yakizunguka, kumwelekeza fundi, kusubiri injini ipoe. Wahudumu wa chini hawana hata hedseti, na mara nyingi ndio wanaoumia zaidi.

Dawa nazo zina mchango. Gentamisini na dawa nyingine za sindano za jamii yake zinaweza kuua seli zilezile zinazouawa na kelele, na kwinini huleta mlio masikioni. Ukitibiwa kwa hizo, mwambie daktari wako wa anga kabla ya kurudi kazini.

Siku ya kipimo, usitoke uwanjani ukaenda moja kwa moja kliniki. Yapumzishe masikio angalau saa 14 mbali na kelele, la sivyo utapimwa uchovu wa jana. Omba kwa mdomo wako hezi 4000 na 6000 zipimwe pia, na uondoke na nakala ya mchoro wa usikivu wako. Kila mwaka ulinganishe na ule wa kwanza kabisa, si wa mwaka jana. Wastani wa usikivu kwenye hezi 2000, 3000 na 4000 ukishuka kwa desibeli 10 kwenye sikio lolote, badilisha kinga mwezi huohuo, hata kama leseni imegongwa muhuri.