Je, Wajua Kwa Nini Riwaya ya Fumbo la Mauaji Uliyoisoma Ujanani Hugeuka Ukiirudia Ukubwani?

Muulize mtu mzima kuhusu riwaya ya upelelezi aliyoisoma akiwa na miaka 14. Atakumbuka hofu, na pengine atakumbuka mhalifu alikuwa nani. Namna mwandishi alivyomficha mhalifu huyo mbele ya macho yake haikumbuki, kwa sababu hakuiona. Ukubwani, ukishajua jibu, macho hayamtafuti tena mhalifu. Yanaanza kuangalia kazi ya mikono ya mwandishi, na kitabu kilekile kinasomeka upya.

Mfano mzuri ni I Know What You Did Last Summer, riwaya ya vijana ya Mmarekani Lois Duncan iliyotoka mwaka 1973. Kuanzia aya inayofuata tunafichua mwisho wake, kwa hiyo ambaye hajaisoma na angependa kuisoma, aanze na kitabu.

Vijana wanne, Julie James, Ray Bronson, Helen Rivers na Barry Cox, wako barabarani usiku, Barry akiwa ndiye dereva. Wanamgonga mtoto mwendesha baiskeli, David Gregg, na hawasimami. Mtoto anafariki. Wanne hao wanaapa kutomwambia mtu yeyote. Mwaka mmoja baadaye Julie anapokea kikaratasi cha kumjulisha kwamba kuna mtu anajua walichokifanya kiangazi kilichopita. Haupiti muda mrefu, Barry anapigwa risasi.

Siku hizo Julie anatoka na kijana aitwaye Bud, na Helen amezoeana na kijana mwingine, Collie. Bud na Collie ni mtu mmoja: Collingsworth Wilson, ndugu wa David wa mama mmoja, aliyerudi kutoka vita vya Vietnam.

Mtego huu umejengwaje? Msimulizi hazungumzi kwa nafsi ya kwanza. Anahama kutoka kwa mhusika mmoja hadi mwingine, na kila anapohama tunajua tu kile anachokijua huyo aliye naye. Tukiwa na Julie, yuko Bud. Tukiwa na Helen, yuko Collie. Msomaji anajiwekea majina mawili katika sehemu mbili za kumbukumbu yake na haoni haja ya kuyalinganisha. Jina la ukoo nalo linasaidia kuficha: mtoto aliyekufa ni Gregg, kaka yake ni Wilson, kwa hiyo hata likitajwa halimgutushi mtu. Mwandishi hajasema uongo popote. Ameacha tu kuwakutanisha watu fulani katika chumba kimoja.

Na hapa ndipo msomaji mzima anapogundua jambo ambalo kijana hulipita. Kwa nini Julie na Helen, waliokuwa marafiki, hawajatambulishana vijana walio nao? Kwa sababu tangu ajali ile wanakwepana. Kila mmoja anamkumbusha mwenzake siku ile. Ujanani tunausoma utengano huo kama huzuni ya kawaida ya marafiki walioachana. Kumbe ndio nguzo inayobeba fumbo lote. Jioni moja tu ya wasichana wawili na vijana wao mezani, na Collingsworth Wilson amekwisha. Kiapo cha kunyamaza, kilichokusudiwa kuwalinda, ndicho kilichomfungulia mlango. Sijui riwaya nyingi za vijana ambazo kosa la wahusika na hila ya mwandishi vimefungwa kwa kamba moja namna hii, na ndiyo sababu naiheshimu kuliko sifa yake ya kitabu cha kutisha tu.

Jambo la pili linalogeuka ni wapi huruma inaelekea. Msomaji wa miaka 14 yuko ndani ya gari pamoja na wale wanne: anaogopa kukamatwa, anaogopa kufa. Msomaji mwenye watoto au wadogo zake anabaki barabarani na David. Anaanza kuhesabu ni mara ngapi wale vijana wanamtaja mtoto kwa jina na ni mara ngapi wanataja mustakabali wao wenyewe. Julie na Ray wanapokwenda nyumbani kwa akina Gregg na kuzungumza na Megan, dada wa marehemu, ujanani sura hiyo ni hatua ya upelelezi. Ukubwani inauma, maana waliosababisha msiba wamekaa na mfiwa na hawamwambii. Hata Collie hasomeki tena kama jitu la kutisha. Ni askari aliyerudi kutoka vitani, aliyempoteza mdogo wake, na hakuna aliyewajibishwa. Haimwondolei hatia ya alichokifanya, ila inaeleza kinatoka wapi.

Ukitaka kuirudia kwa faida, chukua karatasi uigawe safu nne: namba ya sura, sura hiyo inamfuata nani, mwanamume gani ametajwa, na nani mwingine amemwona kwa macho yake. Safu ya nne ndiyo ya muhimu. Ijaze sura kwa sura bila kuruka, kwa sababu ushahidi wenyewe ni mapengo: mtu ambaye marafiki wa zamani hawajamwona pamoja hata mara moja. Kisha weka alama kila mahali ambapo swali la kawaida halikuulizwa. Unatoka wapi? Ndugu zako ni akina nani? Maswali hayo yakikosekana katika mazungumzo ya wachumba, mwandishi ana sababu yake.

Kosa linalowapata wengi ni kufunga kitabu na kusema, "Mbona ilikuwa wazi!" Haikuwa wazi. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Baruch Fischhoff aliwapa watu maelezo ya vita vya karne ya 19 kati ya Waingereza na Wagurkha wa Nepal. Walioambiwa matokeo waliyaona kuwa na uwezekano mkubwa zaidi kuliko wale ambao hawakuambiwa. Kujua mwisho hupaka rangi kila dokezo lililotangulia. Dawa yake ni kumpa kitabu kijana ambaye hajakisoma, umwombe aandike namba ya ukurasa anapoanza kumshuku mtu, kisha ulinganishe na karatasi yako.

Kosa jingine ni kuchanganya kitabu na filamu ya 1997. Hila ya majina mawili hufanya kazi kwenye maandishi tu. Kwenye skrini uso ni uleule. Filamu ikaiacha, ikaleta mtu wa koti la mvua na ndoano, na baadhi ya wale wanne wanauawa. Kitabuni wote wanne wanabaki hai. Duncan hakuipenda filamu hiyo. Binti yake, Kaitlyn, alipigwa risasi akafa Albuquerque mwaka 1989 akiwa na miaka 18, na mama hakuweza kufurahia kuona mauaji ya vijana yakifanywa burudani. Lakini tukio hilo lilikuja miaka 16 baada ya riwaya, hivyo usilitafute ndani yake.

Mwisho, tazama mwaka wa toleo kabla ya kununua. Toleo lililofanyiwa marekebisho la 2010 limewapa wahusika simu za mkononi, na vita vya Vietnam vimekuwa vya Iraq. Simu inaisumbua hila yenyewe, kwani picha moja ya mchumba ikitumwa kwa rafiki ingetosha kuivunja. Kwa zoezi la safu nne tafuta maandishi ya 1973, ambako msichana aliyetaka kumwonyesha mwenzake mchumba wake ilimbidi ampeleke.