Mchochota wa ubongo: maana yake na kile ambacho picha huweza kuonyesha

Mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, alinijia jioni moja akiwa na bahasha kubwa ya kahawia iliyolowa mvua pembeni. Ndani yake mlikuwa na picha za skana za kichwa cha mwanawe mwenye umri wa miaka 15, pamoja na karatasi moja ya majibu iliyoandikwa kwa Kifaransa. Mtoto alikuwa ameanza kuanguka kifafa. "Mwalimu," aliniuliza kabla hajaketi, "wamesema ubongo umevimba. Sasa kichwa kitapasuka?" Karatasi haikusema hivyo. Ilisema kwamba upande wa kushoto kuna kifuko kidogo, kwamba kifuko hicho kimezungukwa na pete inayochukua dawa ya rangi, na kwamba nje ya pete hiyo nyama ya ubongo imelowa maji. Aliyemfasiria karatasi alikuwa na neno moja tu la kumpa, nalo ni uvimbe, neno ambalo sisi tumelibebesha mambo matatu: donge linaloota, maji yanayojaa mahali, na ile kazi ya kinga ya mwili ambayo kamusi huiita mchochota. Haya matatu hayatibiwi kwa njia moja, na ndiyo sababu nimeona yafaa kuyatenganisha.

Mchochota ni jibu la mwili kwa kitu kinachoudhuru. Mwiba ukikuchoma kidole, mahali pale hupata wekundu na joto, huvimba na kuuma, kwa sababu mishipa ya damu imepanuka na askari wa kinga wamekimbilia hapo. Ubongo nao una mchochota wake, lakini hauutangazi kwa namna hiyo. Nyama yenyewe ya ubongo haina neva za maumivu (kichwa kinapouma, kinachouma ni utando unaoufunika na mishipa ya damu), tena imefungwa ndani ya fuvu ambalo hakuna awezaye kulipapasa. Kwa hiyo tunachokiona kwa nje ni matokeo tu: kifafa, usingizi wa mchana, mkono unaolegea, mtu mpole anayegeuka mkali bila sababu, mzee anayepotea njia ya nyumbani kwake.

Walinzi wa ndani ya ubongo huitwa mikroglia. Ni seli ndogo zenye matawi membamba, ambazo Mhispania Pío del Río-Hortega alizieleza mwaka 1919. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hulala mpaka ziamshwe, lakini mwaka 2005 watafiti waliozitazama ndani ya ubongo wa panya hai waliona kwamba matawi yake hayatulii hata kidogo, yananyooka na kurudi, yakipapasa kila kona inayoyazunguka. Zikikuta kidudu, seli iliyokufa au protini iliyoharibika, hubadilika umbo, hukusanyika na kutoa kemikali za kuita msaada. Kemikali hizo ni dawa zikitolewa kwa kiasi na kwa muda mfupi, na ni sumu kwa seli za neva zikiendelea miezi na miaka. Zaidi ya hayo, ukuta wa mishipa midogo ya ubongo, ambao kwa kawaida umezibwa sana kiasi kwamba vitu vingi vya damu havipiti, huanza kuvuja.

Kuvuja huko ndiko kunakoipa picha nafasi. Dawa ya rangi anayodungwa mgonjwa kwenye mshipa wa mkono, yenye ayodini kwa skana na yenye gadolini kwa IRM (picha ya sumaku, ambayo Waingereza huiita MRI), haiwezi kuingia ndani ya nyama ya ubongo wenye ukuta mzima. Ikionekana imeingia, daktari anajua kwamba mahali hapo ukuta umelegea. Hiyo ndiyo pete iliyoandikwa kwenye karatasi ya mama yule.

Kifuko chenyewe kilikuwa cha buu la mnyoo tegu wa nguruwe, na sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa kuonyesha mchochota ni nini. Mtu humeza mayai ya tegu pamoja na maji au mboga zilizochafuliwa na kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huo tumboni. Hata asiyeonja nguruwe maisha yake yote anaweza kuupata ugonjwa huu. Mabuu yanayotoka katika mayai hayo husafiri kwa damu, na mengine hutua katika ubongo. Buu likiwa hai hujificha kinga isilitambue, na linaweza kukaa miaka bila mgonjwa kuhisi lolote. Picha huonyesha kifuko chenye maji safi na nukta ndani yake, ambayo ni kichwa cha buu, na pembeni mara nyingi hakuna pete wala maji. Linapoanza kufa, pazia lake huanguka. Walinzi hulivamia, ukuta wa mishipa huvuja, pete hujitokeza, maji hutanda, na mara nyingi ndipo kifafa huanza. Kwa hiyo pete ile iliyomtia mama hofu ilikuwa inasema kwamba buu linakufa. Dawa za minyoo zenyewe zinaweza kuuchochea mchochota huo kwa kuua mabuu mengi kwa pamoja, na ndiyo sababu madaktari huziambatanisha na dawa za kupoza kinga kama deksamethasoni, wala si busara kuzinunua dukani na kuzimeza bila picha.

IRM huona zaidi ya skana katika mambo mengi, ingawa skana huishinda katika kuonyesha mabuu yaliyokwisha kugeuka vijiwe. IRM haitumii miale ya eksirei kama skana; sumaku yake huzipanga chembe za haidrojeni zilizomo katika maji ya mwili, mawimbi ya redio huzitikisa, na ishara zinazorudi hugeuzwa kuwa picha. Iko namna moja ya kupiga picha hiyo ambamo maji huru yanayouogesha ubongo huzimwa yawe meusi, na yale yaliyopenya ndani ya nyama hubaki yaking'aa. Hapo huonekana mabaka ya ugonjwa ambao madaktari wetu huuita kwa Kifaransa SEP (kwa Kiingereza multiple sclerosis), ambamo kinga hushambulia ala ya neva, yaani kifuniko chake. Baka jipya huchukua gadolini kwa wiki kadhaa kisha huacha, na hivyo picha moja inaweza kutenganisha shambulio la sasa na kovu la zamani.

Lakini kulowa na kuvimba kunakoonekana si lazima viwe mchochota. Huko Blantyre, Malawi, watoto 168 wenye malaria ya ubongo walipigwa picha za IRM, na matokeo yakatolewa mwaka 2015: kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba sana tangu walipopokelewa. Ubongo uliovimba ndani ya fuvu gumu husukumwa chini, na huko chini ndiko liliko shina linaloongoza pumzi. Vimelea vya malaria havikuwa ndani ya nyama ya ubongo. Hukwama ndani ya mishipa ya damu. Picha ilionyesha kuvimba kwa uwazi wa kuhuzunisha, bila kuonyesha ni kiasi gani kinatokana na damu iliyozuiwa, na ni kiasi gani kinatokana na mchochota.

Kinyume chake pia hutokea, yaani mchochota mkali na picha safi. Kuna ugonjwa ulioelezwa mwaka 2007, ambamo kingamwili za mgonjwa mwenyewe hushika vipokezi vya neva viitwavyo NMDA. Mara nyingi huwapata wasichana na wanawake vijana. Huanza kusema peke yao, kuona visivyoonekana, kukakamaa, na katika mitaa yetu wengi wangepelekwa kwanza kuombewa. Wengi wao IRM yao haina kasoro. Jibu hupatikana katika maji ya mgongo, yale yale ambayo familia nyingi hapa hukataa yasitolewe kwa kuamini kwamba sindano hiyo hupoozesha. Imani hiyo inaniuma sana, kwa sababu nimeona watu wakikusanya fedha za kuvuka Ruzizi kwenda kutafuta IRM Rwanda, huku wakikataa sindano iliyokuwa karibu nao. Malale nayo, hatua yake ya ubongo imetambuliwa miaka yote kwa kuhesabu seli nyeupe katika maji hayo hayo.

Katika magonjwa ya polepole kama Alzheimer (wa kusahau) na Parkinson (wa kutetemeka), mchochota hautoboi ukuta kwa kiasi cha kuacha gadolini ipite, basi IRM ya kawaida haiuoni. Watafiti hutumia aina nyingine ya picha, TEP (kwa Kiingereza PET): humdunga mgonjwa kemikali yenye mnururisho kidogo inayoshikana na protini iitwayo TSPO, ambayo mikroglia zilizochochewa huwa nayo kwa wingi. Ugumu ni mwingi. Kaboni 11 inayotumika katika baadhi ya kemikali hizo hupungua nusu kila dakika 20, hivyo lazima itengenezwe karibu na kitanda cha mgonjwa; protini hiyo hupatikana pia katika seli nyingine na katika kuta za mishipa; na wapo watu ambao kwa kurithi TSPO yao hushika vibaya nyingi ya kemikali mpya, wakaonekana hawana mchochota kumbe wanao. Hiki bado ni chombo cha utafiti zaidi kuliko cha kumtibia mgonjwa mmoja.

Baada ya miezi minane mama wa Kadutu alirudi na bahasha nyingine. Mahali palipokuwa na kifuko palikuwa na nukta nyeupe, ndogo kama chembe ya mtama, bila pete, bila maji. Buu lilikuwa limegeuka kijiwe. Nilimwonyesha nukta ile kwa ncha ya kalamu, tukainua picha kwenye mwanga wa dirisha, naye akauliza kama sasa mtoto aache vidonge vya kifafa. Hapana, nilimwambia, hilo aamue daktari, kwa maana hata kijiwe kama hicho huweza siku nyingine kuzungukwa tena na maji.