Barafu juu ya sufuria: dhana potofu kuhusu sayansi na teknolojia gredi ya 7 hadi 9

Januari 2023, watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi (CBC) walipoingia gredi ya 7 hapa Kenya, wengi wao waliingia kwenye uwanja uleule wa shule ya msingi waliyokuwa wakisomea. Kengele ileile, madawati yaleyale, maabara hakuna. Tangu hapo wazazi, na sisi walimu pia, tumekuwa tukirudia maneno ambayo ukiyapima hayasimami.

"Bila maabara hakuna sayansi"

Nusu yake ni kweli. Hadubini haipatikani jikoni, na asidi kali haishikwi juu ya dawati lenye mguu uliolegea. Sitetei shule kunyimwa maabara. Lakini mada ya asidi na besi ya gredi ya 7 haikusubiri jengo. Chemsha maua makavu ya rosela, yale ya juisi, uyachuje, kisha ugawe maji yake kwenye vikombe. Kamulia ndimu: wekundu unakolea. Tia magadi: yanageuka buluu au kijani. Halafu wape siki, dawa ya meno, maji ya sabuni na maziwa lala, waseme wenyewe kila kimoja kiko upande gani. Mwaka jana kundi moja langu lilibishana kuhusu dawa ya meno hadi kengele ikalia.

"Ukishafanya jaribio, umefundisha"

Hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu niliiamini miaka mingi. Mwalimu anaonyesha, darasa linapiga makofi, na kilichobaki ni mazingaombwe.

Mtoto wa miaka 13 haji darasani na kichwa kitupu. Ana maelezo yake tayari. Muulize: sufuria na ubao wa kukatia mboga vimelala meza moja usiku kucha, kipi baridi zaidi? Atasema sufuria, tena atakuambia uiguse uone. Sasa lete vipande viwili vya barafu vinavyolingana. Kimoja kitakaa juu ya sufuria iliyofudikizwa, kingine juu ya ubao. Kabla hujaviweka, kila mmoja aandike kwa kalamu, si kwa penseli, kipi kitayeyuka kwanza na kwa nini. Wengi huandika ubao, kwa kuwa sufuria "itaitunza" barafu.

Barafu ya sufuria ndiyo inayokwisha kwanza, tena mbele ya macho yao. Darasa linanyamaza. Hapo ndipo maelezo yanapopata mlango: vitu vyote viwili vina jotoridi la chumba, ila alumini hupitisha joto upesi kuliko mbao. Ukiigusa, inalichota joto la mkono wako, ukahisi baridi. Ukiiwekea barafu, inaipelekea joto kwa kasi hiyohiyo. Ningeanza na maelezo hayo, wangeyanakili kwa hati nzuri, na jioni wangeendelea kuamini kwamba sufuria huzaliwa baridi.

(Ushauri wa aliyeumia: barafu ya mfuko ibebe ndani ya maranda ya mbao. Mara ya kwanza nilifika shuleni kwa bodaboda na maji. Maranda yenyewe baadaye yakawa swali la pili la kipindi.)

"Teknolojia ni tableti"

Masomo yalipopunguzwa hadi tisa, kompyuta na biashara ziliunganishwa na maandalizi ya ufundi kuwa somo moja. Kwa hiyo kuchora umbo kwa vipimo, kuchagua kati ya mbao na plastiki na kutumia msumeno bila kujikata ni teknolojia pia. Na hata upande wa kompyuta, mengi hufunzwa kwa karatasi. Wasimamishe wanafunzi watano wakiwa na kadi za 16, 8, 4, 2 na 1. Kadi ikiinuliwa ni moja, ikishushwa ni sifuri. "Nipeni 19!" Wa 16, wa 2 na wa 1 wanainua: 10011. Waache wagundue wenyewe kwamba hawawezi kupita 31 bila kumwita mwenzao wa sita, na huyo atabeba kadi gani. Stima ikipotea, somo linaendelea.

"Mradi mzuri ni unaopendeza"

Mradi unaopendeza sana mara nyingi umetengenezwa saiba, kwenye duka la kompyuta, au na mjomba aliye fundi. Mimi humpa alama aliyeleta kinu cha upepo kilichopinda akaniambia kwa nini hakizunguki.

"Sayansi haisemeki kwa Kiswahili"

Majirani zetu Tanzania wanaisema katika shule za msingi za umma: usanisinuru, kani, mvuke, sumaku. Mtihani wetu ni wa Kiingereza, sawa, na jibu la mwisho liandikwe hivyo. Lakini mtoto akibashiri kuhusu barafu, aachwe abishane kwa lugha anayobishania nyumbani.

"Wasichana hawapendi vifaa"

Tazama kundi lolote la watu wanne. Mvulana ameshika waya na betri, msichana ameshika daftari, "kwa sababu ana mwandiko mzuri." Mimi hubadilisha majukumu kila kipindi, na mwandishi wa leo kesho ndiye fundi.

"Mtihani wa gredi ya 9 ndio unaoamua kila kitu"

Una uzito wa asilimia 60. Asilimia 20 hutoka kwenye tathmini ya gredi ya 6, na 20 nyingine kwenye kazi za shuleni za gredi ya 7 na 8. Hizo kazi ndizo akina rosela na barafu. Mzazi anayekuja ofisini muhula wa pili wa gredi ya 9 kuuliza kama mtoto atafaa mkondo wa sayansi na teknolojia wa sekondari ya juu, hukuta alama 40 kati ya 100 zimeshapatikana, au zimeshapotea.