Kinacholinda achari si pilipili

Mvua za Machi hadi Mei zikipungua, bustani za nyuma ya nyumba hapa Kampala huzaa kuliko walaji waliopo. Juni hii mimi na jirani yangu tulikuwa na mabeseni mawili ya matango, karoti, pilipili hoho na ntula, zile nyanya chungu. Bei sokoni ilikuwa imeshaanguka, basi tukakaa barazani tutengeneze achari. Kisu hakijagusa tango, nikasikia maneno yanayoweza kumlaza mtu hospitalini.

"Zidisha pilipili na chumvi, haitaoza." Hapana. Pilipili ni ladha. Kinacholinda achari ni uchachu: bakteria wa botulizimu, wale wenye sumu inayopooza misuli mpaka mtu ashindwe kupumua, hawakui pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi, ikiwa 4.6 au chini yake. Uchachu huo unatoka kwenye siki, kwa hiyo siki haipunguzwi kwa kukisia. Soma lebo, iwe na asidi ya asilimia 5, na maji unayochanganya yasizidi siki yenyewe. Ikikuchoma ulimi, ongeza sukari, usiongeze maji. Chumvi ina kazi yake kubwa pale unapochachusha bila siki: kilo ya kabichi iliyokatwakatwa, gramu 20 hadi 25 za chumvi, unaiponda mpaka itoe maji yake yaifunike. Hapo bakteria wazuri wanatengeneza asidi wenyewe.

Lililonitisha zaidi ni hili: "Funika na mafuta, hewa isiingie, itakaa mwaka." Bakteria wa botulizimu anapenda hasa mahali pasipo hewa! Kitunguu saumu kibichi kilichozamishwa kwenye mafuta na kuachwa juu ya kabati ni hatari ya kweli. Kiwekwe kwenye friji na kiliwe ndani ya siku chache. Najua utaniambia achari ya maembe ina mafuta. Ni kweli, lakini embe bichi lenyewe ni chachu. Tango si chachu, wala karoti, wala maharage mabichi.

Wengine huamini kuchemsha kunamaliza kila kitu. Mbegu za bakteria huyo hustahimili maji yanayochemka; kuziua kunahitaji mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 hivi. Nasi tuko juu: Kampala ina mwinuko wa mita 1,200 hivi, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 tu. Kwenye milima ya Kigezi, iliyo juu zaidi, maji huchemka chini ya nyuzi hizo. Kwa hiyo usichemshe maharage mabichi kwenye maji ya chumvi matupu ukayafungia chupani. Hata achari yenye siki ya kutosha inahitaji muda zaidi huku kwetu. Chupa ya nusu lita ya matango ambayo pwani ingekaa dakika 10 ndani ya maji yanayochemka, Kampala ni dakika 15, na ukipita mita 1,830 ni 20.

Na sufuria? Zetu nyingi ni za alumini, na siki inaila alumini. Tulichemshia siki kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Mboga zilizoanza kulainika tukampa mbuzi, maana achari haifufui kitu. Kila tango tulilikata ncha ya upande wa ua, kama milimita 2, kwa kuwa hapo ndipo penye vimeng'enya vinavyolilegeza.

Usiitegemee pua. Sumu ya botulizimu haina harufu wala ladha. Kifuniko kikivimba, usionje, tupa.

Siku ya tatu jirani alikuja mbio na chupa mkononi, anataka kuimwaga: kitunguu saumu kilikuwa kimegeuka rangi ya samawati. Hiyo haina neno, ni kitunguu kimekutana na asidi tu. Tukairudisha kabatini ikolee, na baada ya wiki tatu tuliila kwa posho na maharage.