Kunasisha: kwa nini besi hula chambo cha plastiki na ndoana isishike

Kunasisha, kwa wanaovua kwa ufito na rili (kigurudumu cha kuzungushia mshipi), ni kule kuizamisha ncha ya ndoana mdomoni mwa samaki baada ya yeye kuchukua chambo. Samaki kula ni jambo moja, kunasa ni jambo lingine kabisa. Asubuhi nzima wanaweza kukulia chambo, ukausikia mshipi ukigongwa, ukavuta kwa nguvu zako zote, na usitoe hata mmoja majini. Anayevua kwa chambo laini cha plastiki anaijua hali hiyo vizuri, na mara nyingi hujilaumu kwamba mkono wake ni dhaifu. Nguvu ya mkono kwa kawaida si tatizo. Tatizo liko katika safari ambayo ncha ya ndoana inapaswa kuimaliza kabla haijaugusa mdomo wa samaki.

Samaki mwenyewe ni besi mdomo mkubwa, Micropterus salmoides, mwenyeji wa maziwa na mito ya Amerika Kaskazini. Kwetu anapatikana Ziwa Naivasha, alikoletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Mwaka 1970 ziwa hilo likaingizwa pia kamba wekundu wa maji baridi, ambao asili yao ni Louisiana, na besi akawageuza kuwa chakula chake kikubwa. Ndiyo maana vile vipande vya plastiki vyenye umbo la kamba, vilivyobuniwa kwa ajili ya maji ya Marekani, vina maana hata pembezoni mwa mafunjo ya Naivasha.

Mnyoo wa plastiki laini kama tunavyoujua leo ulianzia kwa Nick Creme, aliyeumimina katika kalibu mjini Akron, Ohio, mwaka 1949. Baadaye shughuli zake zilihamia Tyler, Texas, na jina la jimbo hilo ndilo lililobaki kwenye mfungo, yaani namna ya kufunga chubwi, ndoana na chambo, ambao wavuvi wa besi wanautumia sana. Katika mfungo wa Texas, chubwi yenye umbo la risasi hupitishwa kwenye mshipi na kuachwa iteleze. Kisha hufungwa ndoana yenye shingo iliyopinda. Ncha hutobolea kichwa cha mnyoo, hutokeza pembeni kidogo chini yake, ndoana ikavutwa na kugeuzwa, halafu ncha ikarudishwa ndani ya mwili wa mnyoo na kufichwa humo.

Faida yake ni kubwa. Besi hupenda kujificha kwenye magugu, visiki na mashina yaliyozama, na chambo cha namna hiyo hupita humo bila kukwama. Lakini plastiki ile ile inayoizuia ncha isishike jani ndiyo inayoizuia isishike taya.

Fuatilia kinachotokea sekunde ile. Besi haumi chambo kama mbwa aumavyo mfupa. Hufungua kinywa na mashavu kwa ghafla, maji yakaingia kwa kasi na chambo kikafuatana nayo. Akihisi kitu si chakula, hukitema kwa kukisukuma nje na maji, na hufanya hivyo upesi mno. Katika muda huo mfupi, wewe unayevuta una kazi ya kwanza ya kuondoa ulegevu wote wa mshipi ulio kati yako na yeye. Halafu mshipi wenyewe unarefuka kidogo kabla haujakaza. Halafu plastiki inatakiwa iteleze kushuka kwenye shingo ya ndoana, ijikunje, na kuiacha ncha itokeze. Hapo ndipo ncha inakutana na nyama, na pengine inakutana na mfupa wa taya. Kila hatua inakula sehemu ya nguvu uliyotoa. Mvuvi anayetaka kunasisha vizuri hapunguzi usingizi akifanya mazoezi ya mkono; anapunguza hatua hizo moja moja.

Naanza na ndoana, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapopotea. Duka litakuambia uchague ndoana kwa urefu wa mnyoo. Mimi nasema tazama unene. Kati ya ncha na shingo ya ndoana kuna uwazi, na uwazi huo lazima ubebe plastiki iliyojikunja na bado ubaki na nafasi ya kushika samaki. Kupima ni rahisi, na hufanyika mezani kabla ya kwenda ziwani: funga chambo chako kama kawaida, kisha kiminye kwa kidole gumba na cha shahada kuelekea shingo ya ndoana, kama taya za samaki zingefanya. Ncha inatakiwa itokeze wazi kabisa, na uone mwanga kati yake na plastiki. Ikiwa ncha inachungulia tu juu ya mgongo wa mnyoo, samaki naye ataitema ikiwa bado inachungulia. Kwa mnyoo mwembamba wa sentimita 15, ndoana ya ukubwa wa namba 3/0 hutosha. Kwa chambo kinene chenye miguu na makucha ya kamba, nenda kwenye kubwa zaidi, 4/0 au 5/0, bila woga.

Namna ya kuificha ncha nayo ina neno. Mahali pasipo na magugu mengi hakuna haja ya kuizika katikati ya nyama ya plastiki. Ipitishe hadi itokee upande wa pili, kisha rudisha ile ncha yenyewe tu chini ya ngozi ya juu, kiasi cha kuifunika. Itapita kwenye majani, na ikibanwa kidogo tu itatoka. Hakikisha pia mnyoo umenyooka. Uliokaa upinde huzunguka unapovutwa, ukausokota mshipi, na besi wengi huusogelea wakauacha.

Ukali wa ncha upime kwenye ukucha. Iburute taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba: ikikwaruza na kukwama, ni kali, ikiteleza, inoe au itupe. Ndoana iliyogonga mawe au kuchomolewa kwenye gogo ipimwe upya hapo hapo.

Mshipi unabadilisha mambo kuliko watu wanavyodhani. Nailoni ya kawaida hunyumbuka sana, na ukirusha mbali, sehemu kubwa ya mvuto wako huishia kuurefusha mshipi huo. Florokaboni, aina nyingine ya mshipi, huzama na huonekana kwa shida majini, ingawa nayo hunyumbuka. Mshipi wa kusuka karibu haunyumbuki kabisa. Kwenye magugu mazito napendelea wa kusuka moja kwa moja. Kwenye maji maangavu, wa kusuka wenye kipande cha florokaboni mbele. Ufito uwe mgumu kiasi upande wa mkono na mwepesi kuhisi nchani. Na unene wa waya wa ndoana ulingane na ufito: waya mnene kwenye ufito laini hautazama mdomoni, waya mwembamba kwenye ufito mgumu utanyooka.

Sasa mkono wenyewe. Besi akila chambo cha plastiki, mara nyingi hakuna kishindo. Utasikia kigongo kimoja kifupi, au uzito wa ajabu kama chambo kimekaa kwenye matope, au utaona mshipi ukienda upande ambao wewe hukuuelekeza. Wavuvi wa mshipi wa mkono huko pwani wanaijua lugha hii kwa kidole cha shahada, na anayetumia rili naye anufaike nayo: laza mshipi juu ya kidole mbele ya rili, na macho yasiondoke pale unapoingia majini. Ukihisi kitu, shusha ncha ya ufito kuelekea kwa samaki, zungusha rili upesi mpaka ulegevu uishe, halafu vuta kwa mkupuo mmoja mrefu. Kuvuta huku mshipi ukiwa umelegea ni kupiga hewa. Kuvuta mara tatu mfululizo ni kumpa nafasi ya kutema kati ya moja na nyingine.

Je, usubiri ameze? Wapo wanaosema hesabu mpaka tano. Sikubaliani nao. Mshipi ukishakaza, vuta. Kusubiri hupoteza samaki wengi, na wale wasiotema hunaswa kooni, jambo linaloweza kuwaua hata ukiwarudisha majini. Kinachohitaji subira ni vidonodono vya haraka haraka mkiani, ambavyo kwa kawaida ni samaki wadogo wanaochezea chambo. Wao hawana mdomo wa kuimeza ndoana. Viking'ang'ania, punguza urefu wa chambo badala ya kuongeza nguvu. Cha sentimita 10 huweka ndoana karibu na mkia unaoumwa.

Kuna mfungo mmoja unaogeuza kanuni hizi. Ni ule wa kumchoma mnyoo katikati ya mwili, kichwa na mkia wake vikining'inia, na ndoana ndogo ya waya mwembamba ikiwa wazi. Hapo hakuna plastiki ya kupenya, kwa hiyo mkupuo mkubwa hauna kazi. Zungusha rili tu, egemea nyuma kidogo, na ndoana itajitafutia pembe ya mdomo. Kwenye magugu hautembei, ila kwenye maji ya wazi unanasisha kuliko ule wa Texas.

Samaki akishashika, mshipi usilegee hata kidogo, hasa anaporuka, maana ndipo anapokitikisa kichwa na kuitoa ndoana. Mfikishe haraka. Kama ndoana imeingia ndani sana na koleo halifiki bila kuchana mashavu yake, kata mshipi karibu na mdomo. Ni afadhali kuliko kuing'oa kwa nguvu. Na kipande cha plastiki kilichochanika kiweke mfukoni, kisibaki ziwani, kwa sababu samaki hukimeza na kikavimba tumboni mwake.