Wiski haizeeki ndani ya chupa

Ujumbe huu haukomi kuzunguka kwenye magrupu: ukinunua wiski ya nafaka ya miaka 25 kutoka kiwanda cha Uskoti kilichofungwa, ukaifungia kabatini miaka 10, utakuwa na wiski ya miaka 35. Si kweli.

Umri wa wiski huhesabiwa ikiwa ndani ya pipa la mwaloni tu. Mbao ndizo zinazoipa rangi na harufu ya vanila. Kioo hakiongezi kitu. Soma lebo: iliyokenekwa (yaani iliyotengenezwa kiwandani) 1988 na kutiwa chupani 2018 ina takriban miaka 30, na itabaki hivyo hata 2050. Mapipa yakichanganywa, umri unaoandikwa ni wa wiski changa kuliko zote.

Mkanganyiko unaeleweka. Kiwanda kikifungwa, mapipa yaliyobaki ghalani huendelea kuzeeka kweli, na bei ya chupa hupanda kwa sababu ya uadimu. Tena mvinyo fulani hukomaa chupani, basi watu hudhani vileo vyote ni hivyo.

Kuhifadhi vibaya ndiko huiharibu wiski. Chupa isimame, maana ikilazwa kileo kikali hula kizibo. Ikibaki robo, hewa huififisha ladha, hivyo usiiweke miaka. Ya kuonja, mililita 20 zinatosha: glasi iliyobana mdomoni, dakika 10 za kutulia, kisha matone mawili ya maji. Maji mengi huizima.

Ukiupata ujumbe huo, usiusambaze. Mwombe aliyeutuma picha ya lebo, msome tarehe pamoja.